Mnazi Usio na Kosa

Mkange, 14 Januari 2024

Mwanangu Najim,

Amani ya Mungu ikukute wewe, Lulu na watoto. Huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Dada yako Shufaa anakusalimu. Amepewa darasa la watoto themanini na sauti imemkauka. Mihogo ya upande wa mtoni imeliwa na nguruwe pori, ya upande wa barabarani wametuachia, nadhani kwa kutuonea haya.

Mguu wangu wa kushoto umevimba tena, na masikio sasa yamefunga kabisa. Siku ya mwaka mpya ulipopiga, Shufaa alinishikia simu, nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayeitikia dua, wala sikusikia hata neno moja. Ujumbe wa simuni nao herufi zake ni chungu wanaohama. Karatasi bado tunaelewana. Niandikie kwa herufi kubwa.

Mganga wa zahanati alimpa Shufaa habari zangu nje ya mlango, akidhani kiziwi ni kipofu pia. Nilimwona Shufaa akijifuta uso kwa mtandio. Basi najua.

Nina neno nataka kukwambia ana kwa ana. Si la kuandikwa. Njoo siku moja, ulale, asubuhi uondoke. Lisikutie hofu, ni neno la wazee tu.

Nasikia umepata baiskeli na unakimbia njiani kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ni kweli? Na ni kwa ajili ya nini, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili?

Baba yako mkubwa,
Mwinyijuma


Zinga, 11 Februari 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Barua yako ilikaa siku tisa chini ya kiti cha dereva, nikaipata ina alama ya kikombe cha chai. Pole kwa mguu. Huku hatujambo. Lulu hainui kichwa kwenye cherehani, Januari ndiyo mavuno yake, kila mtoto anataka sare. Sabiha ameingia kidato cha kwanza, ameshanipita begani. Twalib ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai hakuyameza. Mama anakusalimu sana. Bado anawakataza wajukuu hata kuegemea mnazi.

Ni kweli nakimbia. Nitakueleza ilivyoanza. Unajua kazi yangu pale hotelini ni kulitunza bwawa: dawa, pampu, majani. Mwaka jana walikuja watu wa klabu moja kutoka Dar kufanya mazoezi ya kuogelea. Mmoja wao, mhasibu aitwaye Adrian, akaniuliza kwa utani, "Fundi, na wewe unajua kuogelea au unajua dawa tu?" Nikamwambia nimezaliwa Bagamoyo. Tukashindana urefu wa bwawa mara ishirini. Nilimsubiri ukingoni mpaka nikapata usingizi. Tangu siku ile hawajaniacha. Adrian ndiye aliyeniazima baiskeli.

Mashindano ni tarehe 29 Septemba, hapa hapa Bagamoyo. Ni michezo mitatu mfululizo bila kupumzika: kuogelea baharini karibu kilomita nne, kisha baiskeli kilomita mia moja na themanini, kisha kukimbia arobaini na mbili. Ndiyo, siku moja. Lulu aliponisikia alisema, "Hiyo si michezo, hiyo ni adhabu, na wewe unailipia kiingilio."

Ratiba yangu nimeibandika ukutani karibu na ratiba ya masomo ya Sabiha. Kuogelea nafuata maji, si saa. Yakiwa makavu natembea robo saa nzima kabla ya kuloa magoti. Baiskeli ni kila Jumamosi, kukimbia ndefu ni Jumapili, siku nyingine kazini. Lulu baiskeli ameipa jina: bi mdogo. Nikiingia ndani nayo anawaambia watoto, "Mpisheni mama yenu mdogo, katoka matembezini, kachoka." Anacheka, lakini kila siku anacheka kidogo zaidi.

Ndiyo maana naomba unisamehe kwa kutokuja. Nikipata nafasi nitakuja.

Baba mkubwa, Septemba hiyo natimiza miaka thelathini na tisa, umri alioufikia baba. Nimekuwa nikiufikiria mwili wake. Watu wote husema alikuwa na nguvu za watu wawili. Laiti asingeupanda mnazi ule uliomwangusha. Nataka mwaka huu nguvu alizonirithisha zifanye kazi ambayo yeye hakuwahi kuifanya.

Mwanao,
Najim


Mkange, 17 Machi 2024

Mwanangu Najim,

Ramadhani njema kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi safari hii sifungi. Shufaa ananiletea uji saa nne asubuhi na mimi nauficha nyuma ya pazia mgeni akibisha, kama mwanafunzi mtoro. Mvua imeanza mapema.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika vizuri. Nilipokufundisha kusoma ulikuwa unalamba penseli, nikadhani hutafika mbali.

Nikuulize kama mwalimu, usinicheke. Ukipanda mlima kwa baiskeli, pumzi inakatika mapema kuliko ya wenzako? Moyo huruka pigo, au kwenda mbio ukiwa umeshakaa? Umewahi kuona giza machoni ukisimama? Unijibu swali moja moja.

Lile neno langu bado lipo. Ni bora nikuone. Nakuomba usisubiri nafasi, maana nafasi haiji yenyewe. Hata saa moja inatosha.

Mwinyijuma


Zinga, 21 Aprili 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Eid mubaraka, ingawa imepita. Tulikula pilau, Twalib alipata viatu vinavyowaka taa. Barua yako imezungushwa na mafuriko, imefika jana. Nasikia kwenu magari hayapiti. Mna unga wa kutosha?

Nina aibu kukwambia jambo. Jumamosi moja kabla barabara hazijaharibika niliendesha mpaka Msata. Nilinunua maji pale kwenye njia panda, nikatazama njia ya kaskazini, nikasema, baba mkubwa yuko huko, kwa gari ni saa moja na kitu. Lakini ratiba ilisema nigeuze, na jioni nilikuwa nimeahidi kumpeleka Lulu kwenye arusi ya binti wa kaka yake Abdulrazak. Nikageuza. Nilifika kwenye arusi, nikakaa mkekani na wanaume, na kabla khutba ya nikaha haijaisha nilikuwa nimelala nimemwegemea kadhi. Shemeji zangu bado wanacheka. Lulu hakucheka. Njiani aliniambia:

"Najim, mimi sikuolewa na kitanda."

"Septemba itaisha."

"Septemba itaisha na Oktoba utaniletea nyingine. Mwenzio nina mume siku ya Jumatatu tu, tena ikiwa bahari imejaa sina."

 Nikatoa ahadi nyingine, kwa sababu ahadi ndizo zilizobaki mfukoni.

Maswali yako. Pumzi ninayo, wenzangu ndio wanaonililia niwangoje. Moyo mara mbili tatu umerukaruka kama samaki ndani ya ndoo, Adrian anasema ni kahawa. Giza mara moja, ilikuwa siku ya jua kali. Yote ya kawaida.

Sabiha sasa anakimbia nami asubuhi za Jumapili. Ana miguu ya baba, mama mwenyewe kasema. Wiki iliyopita alianguka akazimia kidogo shuleni kwenye mchakamchaka, walimu wakatupigia simu. Lulu anasema ni kwa sababu hakunywa chai. Alipozinduka aliuliza kama amekuwa wa kwanza.

Najim


Mkange, 5 Mei 2024

Mwanangu Najim,

Salamu zangu leo ni fupi. Barua hii usiisome mbele ya watu. Kaa chini kwanza.

Baba yako hakuanguka mnazi.

Ilikuwa Agosti mwaka 1989, asubuhi, shambani kwetu Zinga. Baba yako Ishaka alikuja kuangua nazi za arobaini ya shangazi yetu. Mimi nilikuwa nyuma yake na pakacha. Alikwisha kuvaa kitanzi cha miguuni na mkono mmoja ameuweka kwenye shina. Akaniambia, "Kaka, ngoja kidogo." Akaegemeza paji la uso kwenye mnazi. Kisha akakaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kula. Nilipofika alikuwa amekwenda. Hakupanda hata hatua moja.

Hakuwa wa kwanza. Babu yako alianguka akiwa anapalilia, miaka arobaini na mitatu, tukasema jua. Mdogo wetu Muhidini alianguka uwanjani, mpira uko mbali naye, miaka ishirini na sita. Tukasema alipigwa kikumbo. Ishaka alikuwa wa tatu, na mimi nilijua. Wengine wanaweza kusema hawakujua. Mimi nilifundisha baiolojia miaka thelathini na moja. Nilichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na buluu, nikawaeleza watoto wa watu jinsi tabia ya damu inavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mwana.

Pale shambani nilimtazama mdogo wangu, na kabla sijamlilia nililifikiria jina letu. Wiki ile ile binti yangu Shufaa alikuwa ameletewa posa. Mitaani walikwisha kuanza kunong'ona kwamba wanaume wetu hawafiki hamsini. Mtu akifa kwa mnazi ni ajali, hakuna anayeuliza zaidi. Mtu akifa amesimama, ukoo mzima unaulizwa. Nikauchukua upembo, nikaangua nazi mbili, nikaziweka ubavuni pake. Nikamlaza upande. Ndipo nikapiga kelele watu waje.

Nilimwosha mwenyewe pamoja na mzee mmoja mwoshaji. Mwili haukuwa na hata mchubuko. Yule mzee alinitazama, akaendelea kumimina maji. Alikufa na siri yangu, Mungu amrehemu.

Baada ya arobaini mama yako aliagiza ule mnazi ukatwe. Nilisimama pale nikatazama shoka likiula mti usio na kosa, na sikusema kitu. Tangu siku hiyo nyumbani kwenu mmewakataza watoto minazi, mkawaacha wakimbie.

Uongo wa pili ni huu. Mwaka 2009 ulinituma mshenga kwa marehemu Mzee Abdillah, baba yake Lulu. Barua ya posa niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Alitukaribisha, tukala, kisha mbele ya mashahidi wawili akaniuliza: "Mwalimu, wewe ni msomi, ndiyo maana nakuuliza wewe. Wanaume wenu wanakwenda mapema. Kuna kitu cha damu? Binti yangu ni mmoja." Nikamwambia, "Hakuna. Ni jua na ajali." Akasema, "Neno lako linanitosha." Tukasoma Fatiha juu ya neno lile.

Alipofariki nilibeba jeneza lake, na hata siku hiyo sikusema.

Sabiha hakuanguka kwa sababu ya chai. Nenda hospitali kubwa mpigwe picha ya moyo, wewe na watoto wote wawili. Mwambie daktari niliyokuandikia. Na acha kukimbia, wewe na yeye, mpaka waseme.

Kwa Msata sikulaumu. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano ya kuja kwako, tena miguu yangu ikiwa mizima.

Mwinyijuma


Zinga, 30 Juni 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Watoto wazima. Lulu mzima. Mama mzima, wala sijamwambia.

Barua yako niliipata mwisho wa Mei, barabara zilipofunguka. Niliikasirikia wiki mbili. Nilikuwa nikienda baharini kuogelea nayo kichwani, nikihesabu mikono, na badala ya hesabu nasikia "nazi mbili, nazi mbili." Mama alinilea kwa kuogopa miti. Mpaka leo nikipita chini ya mnazi natazama juu.

Nimekwenda hospitali Dar, peke yangu. Lulu nilimwambia nafuata dawa ya bwawa. Wamenipaka mafuta kifuani, wakanipiga picha. Daktari ni kijana, ana adabu. Alisema nyama ya moyo wangu ni nene kuliko kawaida. Nikamuuliza ni ugonjwa? Akasema, "Inaweza kuwa urithi, inaweza kuwa mazoezi. Watu wa mazoezi mazito moyo nao hunenepa kama msuli mwingine. Katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla?"

Nilimjibu kwamba baba alianguka mnazi.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilitoka lenyewe. Nimelisema maisha yangu yote.

Akaandika. Akasema basi njia ya kujua ni moja: niache mazoezi kabisa miezi mitatu, kisha nirudi wapime tena. Moyo wa mazoezi utapungua, wa urithi hautapungua. Miezi mitatu kuanzia sasa ni mashindano yenyewe.

Nitapima baada ya Septemba. Nimeshaamua. Mwaka mzima Lulu amebeba nyumba peke yake kwa sababu ya siku hii. Siwezi kumwendea sasa nimwambie ilikuwa bure, na juu yake nimwambie na haya ya kwako. Sabiha ni mtoto anayeruka chai. Hajaanguka tena.

Nakuomba usimwambie Lulu wala Shufaa. Ulinyamaza miaka thelathini na mitano kwa ajili ya jina. Ninyamazie mimi miezi mitatu.

Najim


Mkange, 14 Julai 2024

Mwanangu Najim,

Salamu kwa wote. Mahindi tumevuna, magunia manne. Shufaa amenunua blanketi jipya, anadai ni lake, kila asubuhi nalikuta juu yangu.

Umeniomba ninyamaze, na hakuna mtu mwenye haki ndogo ya kukukatalia kuliko mimi. Nimelala na ombi lako wiki nzima.

Jumatano nilijaribu kuja. Nilivaa kanzu, nikachukua bakora, nikamwambia Shufaa nakwenda kuota jua. Nilikusudia kufika barabarani nisimamishe gari lolote. Ni hatua mia mbili, zamani nilizihesabu. Nilifika kwenye mwembe wa jirani, hapo nusu, nikakaa chini. Jirani alinikuta akanirudisha kwa toroli ya maji, mimi na madumu mawili. Alinisemesha njia nzima na mimi sikusikia kitu. Nadhani alikuwa ananitania, maana watoto walicheka.

Kwa hiyo nimebakiwa na kalamu. Karatasi naiegemeza kwenye kitabu na herufi zinapanda mlima, kama unavyoona. Sikuombi uache mashindano kwa ajili yangu. Mrudie yule daktari umwambie: babu, Muhidini, Ishaka. Majina matatu tu. Ukimpa jibu nililompa Mzee Abdillah, atakuamini kama alivyoniamini yeye.

Na Sabiha, mwanangu. Wewe umeamua kwa moyo wako. Wake nani ameuamulia?

Mwinyijuma


Zinga, 18 Agosti 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Huku salama. Pole kwa toroli. Zimebaki wiki sita. Jana nimeogelea kilomita nne, nimetoka majini nikaendesha baiskeli kwa saa tano, sikuhisi kitu. Lulu amekubali kuja kusimama njiani na watoto wagawe maji. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nyumba ina furaha, nakuomba tuiache hivyo.

Sabiha amechaguliwa timu ya shule, mita mia nane na elfu moja na mia tano. Mashindano ya wilaya ni katikati ya Septemba. Lulu amemshonea bukta mwenyewe.

Baada ya tarehe 29 tutazungumza yote.

Najim


Mkange, 25 Agosti 2024

Mwanangu Najim,

Nawasalimu nyote.

Pamoja na barua hii imekuja nyingine, na yule aliyezibeba nimemwagiza ile ampe Lulu mkononi, yako akuachie wewe. Kwa hiyo ukisoma hapa, naye anasoma. Nimemwandikia niliyokuandikia Mei, sikupunguza. Nimeongeza swali la baba yake na jibu langu, neno kwa neno, na majina ya mashahidi. Nimemwambia Sabiha asikimbie hata hatua moja.

Juu ya hospitali nimemwambia tu kwamba nawe unapaswa kupima. Kwamba ulikwisha kwenda, hiyo ni yako kusema.

Utasema nimekusaliti. Ni kweli. Lakini mshenga hajibu kwa aliyemtuma tu, hujibu na kwa waliompokea. Nilikula chakula chao. Miaka kumi na mitano wamekuwa wakinisubiri bila kujua kwamba wananisubiri, na aliyeniuliza amekwenda. Amebaki binti yake.

Ningeweza kungoja Septemba yako iishe. Ningengoja kama ungekuwa unakimbia wewe peke yako.

Sitarajii uniandikie tena. Nikilala na kuamka nitajua siku imepita. Mambo mengine siwezi kuyafanya tena.

Mwinyijuma


Zinga, 22 Septemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama anaumwa mgongo, wengine wazima wa kutembea.

Lulu aliisoma barua yako akiwa kwenye cherehani. Aliimaliza, akaikunja, akaendelea kushona mpaka mwisho wa uzi. Kisha akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia tangu Mei. Nikamwambia na ya hospitali. Akasema, "Bi mdogo nilimvumilia kwa sababu nilimwona akiingia mlangoni. Hili mliliingiza wapi?"

Asubuhi alikwenda shuleni, akamtoa Sabiha kwenye mazoezi mbele ya wenzake. Sabiha hajasema nami tangu siku hiyo, anadhani nimemwonea wivu. Lulu na kaka yake Abdulrazak wakawapeleka watoto wote wawili Dar, na mimi nikafuata kwa basi la nyuma, sikualikwa. Lulu alimtajia daktari majina matatu. Aliyaandika kwenye kiganja ili asiyasahau.

Twalib moyo wake ni wa kawaida kwa sasa, atapimwa kila mwaka. Wa Sabiha ni mnene. Daktari alimpima mara mbili. Kwa mtoto wa miaka kumi na tatu hakuna mazoezi ya kusingizia. Amepewa vidonge, na hatakimbia tena. Kisha daktari akafungua faili langu, akanisomea jibu nililompa Juni, mbele ya Lulu.

Jina langu nimelitoa kwenye mashindano. Si kwa ushujaa. Lulu alikaa mbele yangu akinitazama nikiandika ule ujumbe kwa Adrian, na baiskeli Abdulrazak ndiye aliyeirudisha. Lulu na watoto sasa wanakaa kwa Abdulrazak, Bagamoyo mjini. Sijui kama atarudi. Nikimuuliza anasema, "Kwanza aitwe mshenga."

Kwa hiyo unaitwa. Wanataka uyaseme kwa mdomo wako mbele ya kaka yake na mbele ya yule shahidi mmoja aliye hai. Niliwaeleza kwamba huwezi kusafiri. Lulu akasema basi watakuja wao. Tunakuja Jumapili ijayo, tarehe 29. Siku nyingine Abdulrazak hana gari.

Sijui nikuambie nini. Sijakusamehe, na sina mwingine wa kumwandikia.

Najim


Mkange, 25 Septemba 2024

Mwanangu Najim,

Nimepokea wito. Waambie nimeitikia.

Msije na chakula. Shufaa atachinja kuku wawili. Nimemwambia yote jana. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka jua likazama, kisha akaingia kuniuliza kama nimekunywa dawa. Posa ile ya mwaka themanini na tisa haikufika popote, kama unavyojua.

Sitawapokea kitandani. Nitakaa kwenye kiti, nimevaa kanzu. Lulu akae mbele yangu, wewe ukae upande wao, si upande wangu. Kwa kuwa sisikii, aniandikie maswali yake kwa herufi kubwa, moja kila karatasi. Nitajibu kwa mdomo. Lile la baba yake aliandike la kwanza, maana nachoka upesi.

Radhi sitaiomba kabla hajamaliza. Akimaliza bila kunipa, muondoke salama.

Mje mapema. Asubuhi ndipo sauti yangu husikika.

Mwinyijuma